Safu Iliyorudi Tupu

Haya nimeyapata kwa Luh Mertini mwenyewe, mkunga wa banjar yetu, yaani mtaa wetu, Jumanne iliyopita, tulipokuwa tumekaa barazani kwake tunasuka majani machanga ya mnazi kwa ajili ya sadaka za sikukuu ya Galungan. Alikuwepo, aliona kwa macho yake, na mikono yake haikuacha kusuka hata alipofika pale pabaya.

Wiki jana tulimwacha Kadek Suwitri, mtunza kompyuta za kliniki, ameketi mbele ya kompyuta yetu, asubuhi ya Nyepi, siku ya kimya. Barabara tupu, hata mbwa hakuna. Kisiwa kizima kimya, mtandao umezimwa mpaka kesho alfajiri. Na wifi yake, Ketut Darmini, yuko hospitali ya mjini, amejifungua kabla ya jua kutoka, na damu inamtoka haikatiki.

Damu ya Ketut ni O yenye alama ya kutoa, O hasi. Huku kwetu ni adimu. Hospitali wanataka mtu wa kumchangia, na majina ya wachangiaji wote wa upande huu wa mlima yamo ndani ya kompyuta ile. Lakini Suwitri aliigusa jana yake, akabadilisha mpangilio wake, na tangu hapo inasema uongo. Inasema hakuna mtu wa alama ya kutoa hata mmoja. Hata Ketut mwenyewe imemwandikia ya kujumlisha!

Basi kidole cha Suwitri kilikuwa juu ya kitufe. Amri ya kurudisha mabadiliko nyuma alikuwa ameshaiandika kwenye kile kioo cheusi. Ndipo mkono wa mwanamume ukapita juu ya bega lake, ukashika waya wa umeme.

"Zima."

Alikuwa Nyoman Rentiasa, mkuu wa pecalang, wale walinzi wetu wa mtaa wenye shuka za miraba myeusi na myeupe. Tena ni mjomba wake Suwitri, tumbo moja na mama yake.

"Mjomba, achia waya."

"Leo hakuna moto, hakuna kazi, hakuna kutoka. Wewe umetoka, umewasha, na unafanya kazi. Yote matatu kabla ya saa nne! Mbona mwaka mzima huna bidii hiyo?"

"Ketut anakufa, Mjomba."

"Kliniki ina ruhusa ya kuzalisha. Ruhusa ya kompyuta haina. Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nini yule kijana niliyemkamata anacheza gemu chooni?"

Mertini alikuwa anakunja mashuka ya kitanda. Hakugeuka.

"Nyoman wee. Mimi ndiye niliyekutoa tumboni kwa mama yako. Ulitanguliza matako. Naona mpaka leo hujageuka."

Mkono wa Rentiasa ukalegea kwenye waya.

"Amri moja," akasema. "Moja tu! Halafu giza."

Akavua shuka yake mwenyewe, akabaki na kaptura, akaitundika dirishani ili mwanga usionekane nje.

Suwitri akabonyeza.

Kioo kikafikiri. Kisha kikaandika: Hatua moja imerudishwa. Hakuna kosa.

"Imekubali!" Mertini akapiga makofi.

Suwitri akafungua orodha. Majina yalikuwa yamepangwa kushoto, na kulia kwake ile safu ya zamani, ile ya damu, aliyoifuta jana, ilikuwa imerudi mahali pake.

Imerudi tupu.

Akashuka chini, akashuka tena. Jina, tupu. Jina, tupu. Jina, tupu.

"Mbona hamna kitu?" Mertini akauliza.

"Imerudi yenyewe tu."

"Si ulisema unarudisha?"

"Nimerudisha safu, Bu Bidan," Suwitri akamjibu mkunga. "Vilivyokuwa ndani yake havijui njia ya kurudi."

Mimi nilimwambia Mertini hapo sielewi, akanieleza hivi. Umeng'oa rafu ya kabati ukaitupa pamoja na nguo zilizokuwa juu yake. Ukimwita fundi airudishe, atakutengenezea rafu ileile, urefu uleule. Nguo atazitoa wapi?

Na kosa lenyewe lilikuwa hili. Zamani kundi la damu na alama yake viliandikwa pamoja, safu moja. Suwitri akaona afadhali viachane, kila kimoja na safu yake. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Kwenye safu ya alama akaiambia mashine: nafasi yoyote iliyo wazi, jaza ya kujumlisha. Kwa nini asiseme hivyo? Tangu azaliwe hajawahi kumjua mtu wa kutoa, hata damu ya wifi yake hakuwa anaijua! Huku unaweza kupima mtaa mzima usimpate. Mtu wa nchi nyingine, ambako wapo wengi, asingethubutu. Mashine ikajaza kabla ya kunakili alama za zamani, na ilipofika zamu ya alama hizo zikakuta nafasi zote zimeshikwa. Wote wakawa wa kujumlisha. Yeye hakutazama. Nje ngoma za gwaride la mazimwi zilikuwa zimeshaanza kulia. Akapiga hatua ya pili, akaifuta safu ya zamani, akakimbilia barabarani.

Simu ya mezani ikalia. Mertini akaiwahi. Alikuwa daktari wa mjini.

"Mmepata majina?"

"Bado, daktari."

"Watu wa kutoa wapo kwenu! Mwaka juzi nilikuja kuwapima mimi mwenyewe. Hospitali kuu ya Denpasar wanatafuta, hawajapata. Huyu ni mtoto wake wa pili, na wa kwanza alikuwa wa kujumlisha; nikimtia Ketut damu ya kujumlisha mwili wake utaipiga vita."

"Amebakiza muda gani?"

"Nitafutieni majina. Kuhusu muda msiniulize."

Akakata.

Suwitri alisikia yote. Siku mbili nyuma, walipokwenda baharini kwa melasti, kutakasa vyombo vya hekalu, yeye na Ketut walitupiana maneno mbele ya banjar nzima, mpaka wazee wakawatenganisha. Leo Ketut akifa, nani atakubali kwamba ilikuwa bahati mbaya? Watasema amemuua wifi yake kwa vidole vyake kumi.

"Amri yako moja imekwisha," Rentiasa akasema, na mkono ukarudi kwenye waya.

"Nakala!" Suwitri akaruka. "Nilitoa nakala ya kila kitu kabla sijagusa!"

"Iko wapi?"

"Kwenye laptopu yangu."

"Na laptopu iko wapi?"

Suwitri akageuka kuelekea makaburini.

"Tumboni mwa zimwi."

Mertini akakaa kitandani, puu.

Mnakumbuka zimwi la banjar yetu mwaka huu, lile ogoh-ogoh la makaratasi lenye matiti mpaka magotini. Mnakumbuka macho yalivyowaka mekundu na lilivyonguruma njia panda, watoto wakakimbilia nyuma ya mama zao. Taa zile na ngurumo zile zilitoka kwenye laptopu ya Suwitri. Vijana waliiomba, wakaifunga kwa kamba ndani ya tumbo la mianzi. Na zimwi tulilipeleka makaburini tukalichoma, kama kila mwaka. Lilibaki jivu.

"Kwa hiyo damu za watu," Mertini akasema polepole, "mmezichoma kwa ajili ya macho mekundu."

Rentiasa akakohoa.

"Haikuungua."

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Nililipasua tumbo kabla ya kuwasha moto. Nilisema hakuna disko! Nilisema au sikusema? Wamepita mbele ya hekalu wanapiga disko, zimwi linakata kiuno. Nikawanyang'anya. Iko kwangu, chini ya tenga la jogoo."

"Mjomba, kailete!"

"Mimi? Nitembee barabarani siku ya Nyepi kwa ajili ya kazi ya kompyuta?"

"Leo nani mwingine anaruhusiwa kutembea?" Suwitri akamuuliza.

Rentiasa akatazama dirisha, akatazama miguu yake.

"Shuka yangu mmeitundika."

"Nenda na kaptura," Mertini akasema. "Nani atakuona? Si wote umewafungia ndani?"

Akatoka. Walimsikia akianza kwa mwendo wa mkuu wa walinzi, kisha ndala zikaanza kupiga kisigino, pa-pa-pa-pa. Anakimbia!

Suwitri akageukia kioo cheusi. Nakala yake ilikuwa ya kabati la zamani, na kabati lililokuwa mbele yake lilikuwa nusu la zamani, nusu jipya. Havitaingiliana. Lazima arudi nyuma hatua moja zaidi.

Akaandika amri. Chombo cha kompyuta kinachotekeleza mabadiliko kikamuuliza: Hatua hii itafuta safu mbili na vyote vilivyomo. Endelea?

Kidole kikasimama hewani.

"Bu Bidan, tangu jana jioni umeingiza mtu mpya?"

"Wawili. Vijana wa gwaride, niliwapima wakisubiri zimwi."

"Nao watafutika. Unawakumbuka?"

"Mmoja A, mmoja B, wote wa kujumlisha. Wote wawili niliwazalisha mimi. Nitawaandika upya. Bonyeza."

"Mjomba alisema amri moja."

"Mimi nilikuwa nakunja mashuka. Sikuona kitu."

Akabonyeza. Safu mpya zikatoweka. Likabaki kabati la zamani, rafu zote zipo, na ile ya damu haina kitu. Sasa hata ule uongo haukuwepo tena. Laptopu isipofika, orodha nzima imekwisha.

Mlango ukapigwa teke.

Rentiasa aliingia anahema, mkono umechanika kwa kucha za jogoo, laptopu kifuani kama mtoto mchanga. Ilinuka moshi na kinyesi cha kuku.

Suwitri akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena.

"Imekufa," Mertini akanong'ona.

"Chaji imekwisha. Chaja ilikuwa wapi, Mjomba?"

"Chaja gani?"

"Waya mweusi! Na kiboksi chake!"

Rentiasa akainamisha kichwa. Chaja ndiyo iliyoungua na zimwi.

Mertini akachomoa chaja ya simu yake ukutani, akamtupia. Suwitri akaijaribu. Ikaingia. Wakasubiri watatu wamekodolea macho kitaa kidogo pembeni, na sijui waliomba miungu gani, lakini Mertini alisema Rentiasa aliwataja wote.

Kitaa kikawaka.

Nakala ilikuwemo. Suwitri akaihamisha, akaimimina, na safu tupu ikaanza kujaa kutoka juu kwenda chini, jina kwa jina. Alipoiona alama ya kwanza ya kutoa, kile kistari kifupi kilicholala, akakigusa kwa kidole kwenye kioo.

"Nipe wote wa O, wa kutoa," akaiandikia.

Majina matatu.

La kwanza, Ketut Darmini.

"Huyo ndiye anayetaka," Mertini akasema. "La pili?"

La pili lilikuwa la mtoto wa jirani yake Mertini.

"Huyo yuko melini, anawapikia watalii, bahari za kule mbali. La tatu?"

"Sumiyati."

"Mbak Sumi? Muuza supu ya bakso wa nyuma ya soko?" Mertini akainuka. "Lakini yuko hapa! Nyoman, kamlete!"

Rentiasa hakuinuka.

"Tafuteni mwingine."

"Hakuna mwingine! Una nini wewe?"

"Mwaka jana Nyepi iliangukia Ramadhani, kama mwaka huu," akasema, anatazama sakafu. "Nilimzimia taa ya futari."

Simu ikalia tena. Mertini akaichukua, akasikiliza, akaiweka chini bila kuaga.

"Ameanza kuita watu waliokufa," akasema. "Nyoman, nenda."

Yaliyotokea mlangoni Mbak Sumi, yaani dada Sumi kwa lugha ya kwao, alimsimulia Mertini baadaye. Aligongewa, akafungua, akamkuta mkuu wa pecalang na kaptura.

"Pak Nyoman! Mwaka jana taa. Leo umekuja kuzima nini? Na shuka imekwenda wapi?"

"Mbak Sumi, tunaomba damu."

"Damu ya nani?"

"Yako. Ketut, mke wa Gede, amejifungua, anaisha. Wewe tu ndiye mwenye damu kama yake."

"Nimefunga, Pak Nyoman."

"Najua."

"Hujui. Mwaka jana nilipapasa gizani natafuta tende, nikafuturu kwa kitunguu."

Rentiasa akasimama hapo, jua la saa tano linamchoma kichwani. Mwisho akasema, "Nisamehe, Mbak."

"Nitakusamehe baadaye, sasa hivi unanizibia mlango. Nipishe nichukue mtandio."

Alipofika kliniki Mertini hakumruhusu kuondoka hivihivi.

"Huwezi kutolewa damu tumbo tupu, utatuangukia. Kula kwanza, na unywe maji."

"Mungu anaona," Mbak Sumi akasema, akakaa. "Siku hii nitailipa baada ya Idi. Lete."

Mertini akafunua bakuli lake la jana.

"Bu Bidan, hiyo si lawar? Haina nguruwe?"

Mertini akalitazama bakuli. "Ah! Inaye."

"Basi na wewe umetumwa! Nifungue Ramadhani kwa nguruwe? Lete ndizi, mama, lete ndizi."

Akala ndizi, akala wali mkavu, akanywa maji. Na Rentiasa, Mertini anasema, alisimama muda wote ameugeukia ukuta ili mwanamke yule asile huku anatazamwa.

Ambulensi iliyompeleka Ketut ilikuwa imebaki mjini. Kumngoja dereva arudi ni kumzika Ketut. Rentiasa akakimbilia kwake, na mara banjar nzima ikasikia kitu ambacho haijawahi kukisikia siku ya Nyepi: pikipiki ya mkuu wa pecalang inanguruma. Watu wakachungulia kwenye nyufa za malango. Wakamwona anapita na kaptura, na nyuma yake muuza bakso amemshika mabega, mtandio unapepea. Hakuna aliyeamini macho yake, na kwa kuwa kusema ni kukiri umechungulia, hakuna aliyesema.

Kliniki ikabaki kimya.

Mertini akajaribu kusuka, akashindwa. Suwitri alikaa chini ya simu, mgongo ukutani. Kila mara alijiuliza kwa sauti, "Watakuwa wamefika?" na Mertini anajibu, "Watakuwa wamefika," mpaka swali na jibu vikaisha maana.

Jua likapinda. Simu ikalia.

Suwitri akaishika yeye.

"Nani hapo?" daktari akauliza.

"Kadek Suwitri. Wifi yake."

"Damu imekatika. Hiyo ya mama wa bakso inaingia vizuri. Amefumbua macho, anauliza mtoto anafanana na nani."

Suwitri akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Halo? Upo?"

"Anafanana na nani?" akauliza.

"Na babake, masikini," daktari akasema. Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyechoka mpaka mifupani. "Mama wa bakso amelala kitanda cha jirani. Yule mlinzi wenu naye yuko kwenye benchi la nje, mdomo wazi, anakoroma. Manesi wanamfunika shuka kwa sababu ya kaptura."

Mertini alipopewa habari alisema "Haya" mara moja tu. Akajilaza kwenye kitanda cha wazazi, akavuta mto, na kabla Suwitri hajarudisha simu mahali pake mkunga alikuwa ameshalala.

Nje hakukuwa na sauti. Suwitri akawaandika upya wale vijana wawili wa gwaride, A na B. Akahesabu majina kwenye nakala, akahesabu kwenye orodha, yakalingana. Hakuizima kompyuta, maana hospitali wanaweza kuuliza tena. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta, asivunje Nyepi zaidi ya alivyokwisha kuivunja. Akatandika mkeka sakafuni.

Kitu kimoja kilimpita. Mwezi uliotangulia alikifundisha chombo kile kwamba kikikuta hatua ambazo hazijapigwa, kizipige chenyewe, bila kumuuliza mtu, hapa na katika kliniki nyingine sita zenye orodha kama hii, ambazo nakala hazina. Na hatua iliyorudishwa nyuma, kwa chombo, ni hatua ambayo haijapigwa, hata kama ni ile ya kufuta safu ya damu.

Pale ukutani, ambapo hapakuwa na jicho la kusoma, kioo kikaandika mstari mmoja: Mabadiliko mawili yanasubiri. Yatatekelezwa mtandao utakaporudi.

Kompyuta ikatoa mlio mdogo. Suwitri aliusikia, akadhani ni mjusi wa darini, akajigeuza ubavu, akalala.